Mama hataki TV ya chogo itoke sebuleni

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo ulioubeba peke yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ya kwanza niliisoma kama swali la kununua TV, ya pili nikaona ni jambo jingine kabisa.

Niwaeleze kwanza wenzetu wanaosoma. Binti huyu ni fundi cherehani, anakaa Chikongola, Mtwara mjini. Mama yake ni mjane, anaishi Mtanda, Lindi. Sebuleni kwa mama ipo TV ya chogo, inchi 21, ambayo marehemu baba aliinunua Kariakoo mwaka 2004 kwa hela ya korosho. Tangu mwezi uliopita inatoa sauti tu; kwenye kioo umebaki mstari mmoja mweupe uliolala katikati. Binti ana shilingi 380,000 alizozipata kwenye mgawo wa kikoba. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam anataka wachukue inchi 50 kwa mkopo: 200,000 za kuanzia, kisha 85,000 kila mwezi kwa miezi kumi, wagawane nusu kwa nusu. Fundi wa mtaani anasema ile ya zamani ataifufua kwa 40,000. Na mama mwenyewe ametamka: "Hiyo TV haitoki humu ndani mpaka nitoke mimi." Binti anauliza, "Shangazi, nikinunua ndogo nitaonekana mchoyo? Na hii ya zamani naitoaje?"

Mwanangu, wewe si mchoyo. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimeona umelirudia neno hilo mara nne katika barua moja. Mtu anayelipa kodi ya fremu, analisha watoto wawili, kisha anachukua hela yote ya kikoba kwa ajili ya mama yake, haitwi mchoyo hata na adui.

Hesabu ya kaka tuifanye pamoja. Ukijumlisha cha mwanzo na marejesho ya miezi kumi, ni 1,050,000. Umeandika kuwa dukani TV hiyo hiyo kwa taslimu ni 780,000. Kwa hiyo 270,000 zinakwenda kulipia kusubiriwa tu, na kwa hela hiyo mama analipiwa kifurushi cha king'amuzi miezi mingi sana. Inchi 50 si kosa, na mwenye nazo anunue. Lakini deni la miezi kumi kwa mtu ambaye kipato chake ni nguo za sikukuu na sare za shule, hapana. Miezi ya wateja kupungua unaijua kuliko mimi.

Fundi hakudanganya. Mstari ule mweupe una maana kwamba sehemu inayoitandaza picha kutoka juu kwenda chini imekufa, na mara nyingi ni kifaa kidogo au solda iliyoachia. Huenda akaiwasha kweli. Ila bomba la kioo lenyewe lina miaka zaidi ya ishirini, rangi zimeshafifia, na umesema mama siku hizi husogeza kiti ili asome majina ya wachezaji. Hizo 40,000 usizitoe kwenye hela hii.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu. Nami niliwahi kumnunulia mama yangu mzazi TV. Nilitaka afurahi, lakini ukweli ni kwamba nilitaka pia wageni wakiingia waone mtoto wake amefanya jambo. Nikachukua iliyokuwa na maandishi mengi zaidi kwenye boksi. Boksi lilisema 4K, yaani picha kali kuliko HD. Tulipofungua menyu nyumbani, tukakuta ni HD ya kawaida. Hilo lilipita. Lililoniuma ni usiku. Umeme ukikatika na kurudi, TV ilikuwa inawakia kwenye ukurasa wa intaneti wenye vipicha vingi, na ndani ya nyumba ile intaneti haikuwepo. Mama hakujua abonyeze nini ili arudi kwenye chaneli. Alinipigia simu siku tatu mfululizo saa mbili kasoro, taarifa ya habari ikiwa karibu kuanza, akisema, "Mwanangu, limeandika Kizungu tena." Siku ya nne hakupiga. Nilipokwenda nikamkuta anasikiliza redio, na TV imefunikwa khanga. Hakulalamika hata kidogo, na ndiyo sababu mpaka leo linaniuma.

Ndiyo maana nakwambia: TV hii mnunulie mtu atakayekaa mbele yake kila jioni. Mama yako, kwa ulivyomweleza, anaangalia taarifa ya habari, tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na mechi za Simba. Hana bando, wala hataki kulijua. Basi nenda na TV ya kawaida, isiyo ya intaneti, inayowaka na kuingia moja kwa moja kwenye chaneli. Siku mjukuu akitaka mambo ya mtandaoni, kipo kiboksi kidogo cha kuchomeka pembeni. Kitanunuliwa wakati huo.

Ukubwa chukua inchi 32. Usishawishike na 24 eti kwa sababu ya zamani ilikuwa 21. Inchi hupimwa kona kwa kona, na TV za sasa ni pana na fupi. Ile chogo picha yake ina kimo cha kama sentimita 30. Flati ya inchi 24 nayo ni sentimita 30 zile zile. Mama angekaa pale pale aone watu wa kimo kile kile, na macho yasipate nafuu yoyote. Inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 na upana wa kama 70. Kwa sebule ya hatua nne kutoka kwenye kochi, inatosha vizuri. Pima na kabati lake kwa futi yako ya kazini kabla hujatoa hela.

Full HD au HD? Kwa inchi 32, kwa mama, kwa chaneli hizi, HD inatosha. Chaneli inayorushwa kwa ubora wa chini haitageuka kuwa nzuri kwa sababu ya maandishi ya boksi.

Jambo la kuulizia kwa nguvu ni T2, yaani kipokezi cha dijitali kilichomo ndani ya TV yenyewe. Tangu analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine baadaye, TV isiyo na kipokezi cha dijitali ndani haipati kitu bila king'amuzi. Mfumo wa antena wa Tanzania ni huo wa T2, na TV za mitumba kutoka nje mara nyingi hazina. Ikiwa na T2, siku kifurushi kimeisha mama anaweza kupata chaneli za bure kwa antena, kama mawimbi yanafika pale kwake. Majirani wa Mtanda watakwambia wao wanatumia antena au dishi. Kisha geuza TV nyuma utazame matundu. King'amuzi cha mama umesema ni cha zamani, kinatumia nyaya tatu, nyekundu, njano na nyeupe. Baadhi ya TV mpya zimeyaondoa matundu hayo au zimeweka tundu moja linalohitaji waya wake maalumu. Hapo ndipo watu hurudi dukani wamenuna.

Usinunue kitu kwenye boksi lililofungwa. Iwashwe mbele yako, uiache dakika kumi, utafute picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, uangalie kama kuna nukta iliyokufa au pembe yenye kivuli. Sauti pia: flati za bei nafuu nyingi zina spika nyembamba zinazotazama chini, na mtu mzima huchoka kusikiliza. Nyuma kuna kibandiko. Kiwe kimeandikwa 100 hadi 240V, ili umeme ukishuka jioni kama ulivyosema isisumbuke sana, na usome wati zake. Ya wati 40 ikiwaka saa sita kwa siku inakula kama uniti 7 za LUKU kwa mwezi. Chogo ya wati 75 inakula kama 13 na nusu. Risiti na waranti vyote viandikwe namba ya TV yenyewe.

Nunua Lindi, usimwachie kaka aipakie Dar. Flati hailazwi, na kwenye buti la basi hujui nini kitawekwa juu yake. Kioo kikipasuka umepoteza karibu bei nzima. Tena ukinunua Lindi, mama anaweza kwenda nawe. Mpe rimoti aishike yeye pale dukani, awashe, apandishe sauti, abadili chaneli mwenyewe. Akihangaika na hiyo, omba nyingine, muuzaji akinuna na anune.

Kaka mpigie leo, kwa adabu yake. Mwambie, "Kaka, shikamoo. TV nimeipata, hela yake ipo. Wewe naomba uchukue gadi ya umeme, na kifurushi cha mama kila mwezi." Kaka anayetaka kumfurahisha mama yake hatakataa kuwa ndiye anayeiwasha TV hiyo kila mwezi. Nadhani hata yeye aliogopa kuonekana hana mchango, akakimbilia ukubwa.

Nimebaki na la mama.

Uliandika kwa kupita tu, kama mtu anayeeleza mahali kilipo kiti, kwamba juu ya chogo kuna kitambaa cheupe alichofuma mama kwa mkono, na juu ya kitambaa ipo picha ya baba kwenye fremu. Ukaandika pia kwamba mama husimulia jinsi baba alivyosafiri na boksi lile akilikumbatia kwa miguu ndani ya basi, Daraja la Mkapa likiwa na mwaka mmoja tu, na kutoka Ndundu hadi Somanga barabara ikiwa bado ya vumbi na matope, asikubali liwekwe juu ya keria.

Mwanangu, flati haina mgongo wa kuwekea picha. Mnamwambia mama TV itoke, hakuna aliyemwambia baba atakaa wapi. Ningekuwa yeye, nami ningesema haitoki.

Kwa hiyo usianze na TV. Tafuta fundi seremala, akate rafu ya mninga, urefu uzidi kidogo ule wa kitambaa, aipigilie ukutani juu ya kabati kwa misumari inayoshika vizuri. Mama aseme mwenyewe ni juu kiasi gani. Akishatandika kitambaa na kusimamisha picha kwa mkono wake, mkalishe, mnywe chai, msikilize ile safari ya basi tena hata kama unaijua neno kwa neno. TV mpya iingie siku nyingine. Chogo iwekwe chumba cha ndani kwa muda anaotaka yeye, na watoto wasiifungue, maana ndani yake hubaki umeme mkali hata ikiwa imechomolewa. Siku akisema mwenyewe, yule fundi wa 40,000 ataichukua kwa ajili ya vipuri.