Kinyonga wangu: niandike anapoishi?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Nikiwa mlimani kwenye utafiti wangu wa vyura, usiku nilimmulika kinyonga mwenye pembe katika msitu ambao vitabu havionyeshi kuwa anapatikana. Nina picha na namba za GPS. Msimamizi wangu anasema bila namba hizo makala haitapokelewa. Rafiki yangu anasema nikizitoa nitakuwa nimewaelekeza wezi. Nimsikilize nani? Pia kuna jarida limeniandikia barua pepe, linaahidi kunichapisha ndani ya wiki moja nikilipa ada. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa macho makali.

La jarida nilimalize kwanza: futa hiyo barua pepe. Mhakiki anayeijua kazi yake hulinganisha pembe na magamba na vielelezo vya makumbusho, na huyo haharakishwi na ada yako. Habari uliyonayo ni ya kurasa mbili, nayo ina mahali pake. Herpetological Review la Marekani lina sehemu maalumu ya taarifa za spishi kuonekana pasipotarajiwa. Hapa kwetu lipo Journal of East African Natural History la Nairobi, jarida lenye mizizi ya tangu 1910.

Sasa namba. Swali langu kwako ni hili: mnyama huyu adui yake ni nani? Mnunuzi, au shoka?

Mfikirie mjusi wa buluu wa Kimboza, hapo hapo mkoani kwako. Arthur Loveridge alimchapisha mwaka 1952, na jina la msitu likajulikana. Msitu wenyewe ni mdogo, na mjusi anakaa kwenye miti iitwayo mikadi, kwa hiyo aliyemtaka hakuhitaji GPS. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000 kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya na kwingineko, na mikadi ilikatwa ili wafikiwe. Biashara yake ya kimataifa ilikuja kupigwa marufuku na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016.

Ndiyo maana Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell walipomtangaza nyoka mpya mweusi na njano mwenye pembe juu ya macho, Atheris matildae, mwaka 2011, mahali hasa walipomkuta hawakupataja. Walisema Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wakaishia hapo. Makala ikatoka kwenye Zootaxa, jarida ambalo halina mchezo. Kwa hiyo msimamizi wako, kwa heshima zote, hapo hayuko sahihi.

Lakini rafiki yako naye asishangilie mapema. Chura wa Kihansi alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo lisilofika hekta mbili duniani kote. Adui yake hakuwa mfugaji bali bwawa la umeme lililoyachepusha maji. Kama watafiti waliomtangaza mwaka 1999 wangeficha bonde lake, nani angedai mitambo ya kunyunyizia maji pale? Nani angewapeleka vyura 499 kwenye bustani za wanyama za Marekani mwaka uliofuata? Porini walitoweka, na mwaka 2012 walirudishwa Kihansi kwa sababu kila mtu alijua nyumbani kwao ni wapi. Chura huyo angefichwa, angekufa kimya kimya.

Kinyonga mwenye pembe ana wanunuzi, hilo halina ubishi. Basi andika mara mbili. Kumbukumbu kamili, namba zote za GPS, mwinuko, tarehe, aina ya mti, ziende makumbusho pamoja na picha, na nakala kwa meneja wa msitu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kwenye makala taja safu ya milima na mwinuko wa kukadiria, kisha mweleze mhariri waziwazi kuwa mahali kamili umepahifadhi na kwa nini. Wahariri wengi wa fani yetu wanaelewa.

Kuna milango mingine ambayo watu husahau kuifunga. Nimehakiki makala iliyoficha namba kwa ustadi, halafu kwenye shukrani ikamshukuru mwenyekiti wa kijiji, na kijiji kikatajwa! Angalia na ramani: nukta moja nyekundu inatosha. Picha ya simu nayo hubeba namba za GPS ndani yake, zifute kabla hujaisambaza popote. Na ile ya kinyonga na ukingo wa mlima nyuma yake, hata kama ni nzuri, kaa nayo wewe.

Jambo ambalo hukuliuliza: kibali chako cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ni cha vyura. Kumpiga picha kinyonga uliyekutana naye njiani sidhani kama kuna atakayekusumbua, ila usirudi kumkamata wala kumkata kipande cha mkia kwa ajili ya DNA kabla kibali hakijarekebishwa. Majarida huuliza namba ya kibali, na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, nao husoma majarida.

Kabla ya yote hayo, mwonyeshe mtaalamu wa vinyonga picha za kichwa, ya ubavuni na ya mbele. Dume mchanga wa spishi ya kawaida huweza kumpumbaza yeyote akimulikwa tochi usiku.