Zege tupu nalo ni usanifu

Ndugu yangu wa Shangani, umeuliza kama jengo la ghorofa la kuegeshea magari linastahili kuitwa usanifu. Linastahili, tena sana! Tafuta picha za jengo la maegesho la Temple Street Garage la New Haven, Marekani, kazi ya msanifu Paul Rudolph ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zege halikupigwa lipu. Alama za mbao zilizolishika likiwa bichi zimeachwa makusudi, na nguzo zinapinda juu hadi kuwa matao. Pembeni jengo liko wazi, moshi wa magari unatoka wenyewe, jambo linalofaa kabisa joto letu la Mtwara. Ila karibu na bahari nondo zifunikwe kwa zege nene lililoshikamana bila vitundu: chumvi ikizifikia, kutu huzivimbisha na kupasua nguzo.