Umeleta lori la jeshi la zamani nyumbani? Rangi iache kwanza, anza na breki

Wakuu, kila anayeleta lori la jeshi la zamani nyumbani kitu cha kwanza anachonunua ni rangi ya kijani. Sicheki mtu, na mi nilinunua, makopo yakakaa kwenye rafu miaka minne mpaka rangi ikaganda utando juu kama maziwa yaliyopoa, manake lori lenyewe halikuwa tayari kupakwa chochote. Langu ni GMC CCKW, lile la Wamarekani la Vita Kuu ya Pili, la kubeba mzigo wa tani 2.5, ekseli tatu zote zinavuta, tairi kumi chini. Kati ya 1941 na 1945 yalitengenezwa zaidi ya laki tano, kwa hiyo spea zipo, ila kabla hujaagiza hata gasketi moja lala chini ya gari uangalie una nini.

Mi sikuangalia. Nikaagiza sili na gasketi za difu, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi za pande mbili, zikaja, hazikai. Kumbe CCKW zilikuwa na ekseli za aina mbili, ile ya banjo yenye bakuli la duara ambapo difu unaitoa nzima nzima, na ile nyingine ambayo nyumba yake imekatika katikati ikafungwa na bolti pande mbili, na spea za huku haziingii kule. Herufi nazo sio urembo: C ya kwanza ni mwaka 1941 muundo ulipotolewa, ya pili ni kabini ya kawaida, K ni mbele inavuta, W ni ekseli mbili za nyuma zote zinavuta. Vibati vya dashibodi vipige picha kabla hujaanza kusugua, na utafute kitabu cha ufundi cha jeshi cha gari lako, kwa hili langu ni TM 9-801, kiliandikwa kwa ajili ya vijana ambao wengine hawajawahi kushika spana, kwa hiyo hata wewe utaelewa.

Halafu usilifumue. Najua raha ya kufungua bolti, wikiendi mbili tu lori zima liko sakafuni na unajiona fundi, ila kulirudisha ni kazi nyingine kabisa, na malori mengi yanayouzwa yakiwa kwenye maboksi yaliharibikia hapo. Fungua kitu kimoja, kimalize, kifunge, ndo uhamie kingine. Bolti za kila kazi kwenye kopo lake na jina limeandikwa, usijidanganye eti utakumbuka.

Sasa breki. Hapa ndo nataka mnisikilize, manake watu wote wanakimbilia injini, wanataka wasikie mlio. Lori lisilowaka halimuui mtu, lisilosimama ndo linaua. Haya magari yana mfumo mmoja tu, masta silinda moja inalisha magurudumu yote, kikombe kimoja cha mpira kikipasuka kwenye gurudumu lolote kanyagio linazama hadi chini na huna breki hata kwenye tairi moja, na hapo una zaidi ya tani nne zinaenda zinakotaka. Mi nilipovua ngoma ya breki ya nyuma kushoto nilikuta pistoni za silinda zimeshikana na kutu hadi nikazigonga na kipande cha mbao ndo zikatoka, na ndani ya silinda kuta zimelika vishimo kama mahindi yaliyobunguliwa, hiyo hata uweke mpira mpya itavuja tu, badilisha silinda. Mipira ya kunyumbuka inayopitisha mafuta ya breki badilisha yote bila kujadili, kwa nje inaonekana mizima kumbe ndani imevimba, ukikanyaga mafuta yanapita ukiachia hayarudi, tairi inabaki imekaba. Mafuta ya breki yenye silikoni, DOT 5, usichanganye na DOT 3 wala DOT 4, chagua moja na ukihama safisha mfumo mzima. Na vumbi la kwenye ngoma usilipulize na kompresa, lining za zamani zina asbesto, loanisha ufute na kitambaa, kitambaa utupe kikiwa kwenye mfuko uliofungwa.

Kisa kimoja. Handbreki ya hili lori inakaba shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, haikabi tairi. Mi sikulifikiria hilo, nikavuta handbreki, nikapiga jeki tairi za nyuma upande mmoja, na lile gurudumu la hewani likaanza kuzunguka taratibu lenyewe huku lori linasogea. Difu ndo inafanya hivyo, shafti imekabwa sawa lakini gurudumu lililo chini likizunguka huku, la hewani linazunguka kinyume, na lori linaondoka. Lilisogea kama shubiri mbili likaanguka kutoka kwenye jeki. Mguu wangu ulikuwa nje kwa bahati tu. Toka siku hiyo magogo mbele na nyuma ya tairi, kila mara, na chini ya ekseli stendi za uzito wa kutosha, sio matofali, matofali hupasuka bila hodi.

Rimu pia. Hizi zina pete ya chuma inayoshikilia tairi, pete ikiwa imelika na kutu au haijakaa vizuri ukijaza upepo inaruka na nguvu ya kumkata mtu. Tairi ipelekeni kwa mtu mwenye kizimba cha chuma na anayezijua hizo rimu. Wenye Dodge na jeep zenye rimu ya vipande viwili vilivyofungwa na nati, toa upepo wote hadi valvu kabisa kabla hujagusa nati hata moja.

Injini ikiwa imekwama usiivute na gari lingine, utavunja kitu. Toa plagi zote, mimina dizeli na oili kidogo kila silinda, acha wiki nzima au mbili, afu zungusha kwa mkono mbele kidogo nyuma kidogo. Fungua na kifuniko cha valvu uangalie zote zinapanda na kushuka, manake injini ya hili lori, 270 ya GMC, ina valvu juu, moja ikikwama fimbo inayoisukuma inapinda. Tanki la mafuta lisichomelewe eti kwa sababu limekauka, mvuke uliobaki unatosha kulipuka.

Umeme nilihangaika nao sana. Gari ni volti 6, stata inazunguka kama inasinzia, nikaitoa nikaifungua, nzima, nikairudisha, bado inasinzia. Mzee mmoja fundi akaja akashika waya wa betri akaucheka. Nilikuwa nimeweka waya wa gari dogo la volti 12, na volti ikiwa nusu ampea zinakuwa mara mbili kwa kazi ileile, kwa hiyo waya unatakiwa mnene haswa. Nikaweka mnene, nikakwangua sehemu ya ethi mpaka chuma king'ae, ikawaka mguso wa kwanza. Kuhusu saa za dashibodi, yaani geji, baadhi za wakati ule zilipakwa radiamu ili zing'ae usiku, mng'ao umekufa lakini mionzi ipo, usizifungue wala kukwangua.

Rangi ndo mwisho. Boneti isugue na msasa wa maji pole pole, chini ya matabaka unaweza kukuta namba yake ya jeshi, kwa malori haya inaanza na 4, mi nilikaa mchana mzima nasugua eneo la ukubwa wa kiganja na sijutii.

Siku ya kwanza kulitoa nenda sehemu tambarare isiyo na watu. Gia hazina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia ziingiane bila kugongana, kwa hiyo utakanyaga klachi mara mbili kila unapobadilisha, na mwanzoni utazigonga tu. Tembea kilomita kama tano, simama, shuka, weka kiganja kwenye kila ngoma bila kukandamiza. Moja ikiwa moto kuliko zenzake, breki yake inakaba, rudi nyumbani taratibu uivue tena.