Kuzuia mabomba ya maji yasipasuke kwa baridi

Umeuliza kama kuacha koki idondoshe maji usiku kunatosha. Kunasaidia, ila anza na koki ya nje. Ondoa mpira wa kumwagilia. Ukibaki umefungwa, maji hunaswa ndani. Funga valvu yake iliyo ndani ya nyumba, kisha fungua koki ya nje maji yaishe, uiache wazi.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Mara nyingi bomba hupasuka kati ya barafu na koki iliyofungwa, kwa sababu shinikizo halina pa kutokea. Kudondosha hulipunguza.

Mabomba ya kuta za nje yavike sponji ya kuhami joto, pamoja na kona na maungio, maana ndiyo husahaulika. Sponji huchelewesha tu kupoa, haileti joto, kwa hiyo fungua pia milango ya kabati chini ya sinki ili joto la nyumba lifikie mabomba. Ukisafiri, usishushe joto la nyumba chini ya nyuzi 13 za Selsiasi.

Bomba likiganda, fungua koki, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki. Tafadhali usitumie moto kamwe. Na valvu kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, ijue ilipo leo hii.