Maswali ya Wasomaji: Nyota Nyekundu ya Jabari Ina Umri Gani?

SWALI: Mhariri, usiku naliona kundinyota la Jabari (Orion) juu ya paa letu. Begani kuna nyota nyekundu, mguuni kuna nyeupe ya kibuluu. Kaka yangu anasema ile nyekundu ni nzee na huenda ilishakufa. Ni kweli? – Msomaji, Umoja

JIBU: Rangi ya nyota inakuonyesha joto la uso wake, si miaka yake. Mtazame fundi wa Kamukunji anapotoa chuma kwenye moto mkali: kikianza kupoa, weupe unageuka manjano, kisha rangi ya machungwa, mwisho wekundu. Betelgeuse, hiyo nyekundu, uso wake una nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi. Jua lina 5,500. Rigel, ile ya mguuni, inakaribia 12,000.

Kuhusu umri, Jua lina miaka bilioni 4.6, na Betelgeuse ina milioni 10 tu hivi. Hata hivyo ndiyo iliyo karibu na mwisho, kwa sababu ya uzito. Nyota yenye uzito mara kumi ya Jua ina kuni (hidrojeni) mara kumi, lakini inaziteketeza kwa kasi ya mara elfu kadhaa. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza na kuzidi kuwa moto, huku tabaka za nje zikivimba na kupoa. Hapo ndipo nyota inakuwa jitu jekundu. Betelgeuse ingekaa mahali pa Jua, ingemeza Utaridi, Zuhura, Dunia na hata Mirihi. Mwishowe kiini kitajaa chuma, na kuyeyunganisha chuma, yaani kuunganisha viini vya atomi zake, hakutoi nishati. Kiini kitaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota ipasuke: hiyo ndiyo supanova.

Je, ilishakufa? Mwanga wake hutufikia baada ya miaka kati ya 500 na 700, na wataalamu wanatarajia ipasuke ndani ya miaka 100,000 hivi. Piga hesabu: 600 katika 100,000 haifiki asilimia moja. Mwambie kaka yako kwamba karibu hakika bado ipo. Ilipofifia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, ikabaki na theluthi moja hivi ya mwanga wake, wengi walidhani ndiyo inaaga. Kumbe ilikuwa imetoa wingu la vumbi lililoufunika uso wake.

Mwanzoni mwa Februari, mnamo saa tatu na robo usiku, mshipi wa Jabari hupita utosini kabisa hapa Nairobi. Lala chali uutazame.

SWALI: Desemba, saa mbili na nusu usiku, kuna nyota inayometameta nyekundu, kijani na buluu upande wa mashariki, kidogo kuelekea kusini. Ni ndege? – Msomaji, Rongai

JIBU: Ni Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Yenyewe ni nyeupe. Ikiwa chini karibu na upeo, mwanga wake hupenya hewa mara tano au sita zaidi ya ile iliyo utosini. Vifuko vya hewa ya joto na ya baridi huupinda huku na huku, kila rangi kwa kiasi chake, na mabati yanayotoa joto la mchana huzidisha hali hiyo. Itazame tena saa sita usiku ikiwa imepanda juu, utaiona imetulia. Ukihofia ni ndege, egemeza kichwa ukutani uilinganishe na ukingo wa paa: ndege itahama kwa sekunde chache.

SWALI: Babu alihesabu nyota saba za Kilimia. Mimi naona tano tu. – Msomaji, Kasarani

JIBU: Ni taa za jiji. Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuwasha simu, kisha tazama kando kidogo ya Kilimia, maana pembe ya jicho hushika mwanga hafifu vizuri zaidi. Ukifika sita, macho yako ni mazima. Kwa darubini ya macho mawili ya 7x50 (inayokuza mara saba, yenye lenzi za milimita 50) utaona makumi, na zile zinazong'aa zaidi zote ni za kibuluu. Kilimia kina miaka milioni 100 hivi, kwa hiyo kama kiliwahi kuwa na nyota yenye uzito wa Betelgeuse, ilishapasuka zamani.