Simu, kikundi au kazi yenyewe?

Dada, umesema unafungua mkahawa Mji wa Kale, Mombasa, wataka wahudumu watatu na mtu wa kaunta, maombi yamefika arobaini, na hujui uwasaili kwa simu, kwa kikundi au mmoja mmoja.

Simu ni ya kuchuja tu. Dakika tano: ataweza kufika saa kumi na mbili asubuhi? Wa Likoni muulize habari ya feri. Kikundi achana nacho. Mwenye mdomo atawameza wapole, na huenda mpole ndiye mchapakazi.

Wanaobaki wape kazi. Mimi mtu wa kaunta namwagizia mahamri manne, mbaazi sahani mbili, chai mbili, namkabidhi noti ya shilingi 1,000, na katikati ya hesabu naongeza viazi karai. Hapo ndipo utamjua. (Niliwahi kuajiri kwa maneno matamu, wiki nzima chenji haikutimia.)

Mimba na dini usiulize, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza ubaguzi huo. Siku ya jaribio mlipe. Muda wa majaribio uandike kwenye mkataba, usizidi miezi 6. Mkishindwana ndani ya muda huo, notisi ya siku 7 yatosha.