Kabaka Mwanga na ugomvi wa dini: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata hapa Mwanza, na swali lako nimelitafakari kwa siku kadhaa, kwa maana si la kujibiwa kwa haraka. Umeandika kwamba mwenyeji wako wa Kampala, alipokutembeza Rubaga, kilima cha kanisa kuu la Wakatoliki, na Namirembe, cha Waanglikana, alikuambia kuwa Kabaka Mwanga, yaani Mfalme Mwanga, ndiye aliyewagombanisha Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, nawe unataka kujua kama ni kweli. Jibu langu ni kwamba ugomvi aliukuta, ila bunduki za kuupigania alizigawa yeye mwenyewe.

Alitawazwa Oktoba 1884, akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Baba yake, Mutesa, aliwapokea wamisionari Waanglikana, ndio Waprotestanti wa Buganda, mwaka 1877 na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, mwaka 1879, akawaacha Mackay, Mwanglikana, na Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, wabishane barazani mbele yake bila kumpa yeyote ushindi. Mutesa aliliweza hilo kwa sababu aliogopwa. Mwanga alirithi baraza lakini hakurithi kuogopwa, na naamini hofu ndiyo iliyomfanya aue. Simtetei hata kidogo: wengi wa waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walikuwa vijana wa rika lake, watumishi wa ikulu yake.

Kilichofuata ndicho wasimuliaji wengi hukipita juu juu. Mwanga alitaka kuwapunguzia nguvu machifu wa enzi za baba yake, kwa hiyo akaunda vikosi vya vijana wenye bunduki na kuviweka mikononi mwa waongofu wale wale aliowatesa. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, alikuwa amehasiwa kwa amri yake. Apolo Kaggwa, Mprotestanti, alikuwa amepigwa na Kabaka mwenyewe. Na bado wote wawili walikabidhiwa vikosi. Vijana hao wakapora watu, na machifu wazee wakalazimishwa kuchimba ziwa la Kabaka pale Mengo, makao yake makuu. Alipotambua hatari na kutaka kuwaondoa, Septemba 1888, alikuwa amechelewa, kwani Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua.

Alikimbilia upande wetu wa ziwa, Magu kwanza, kisha Bukumbi kwa mapadri. Haukupita muda Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakamhitaji tena yule yule waliyemwondoa, wakamrudisha kwa vita. Lakini aliporudi, mwanangu, ufalme ulikuwa umekwisha kugawanywa: kila cheo kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki, ambao Waganda waliwaita Wafaransa, au cha Waprotestanti, yaani Waingereza, na ilikubaliwa kwamba chifu anayehama dini aache na ardhi yake. Kwa mpango huo, sala ya mtu mmoja ilikuwa na uzito wa mashamba, na moyo wa Kabaka ulikuwa na uzito kuliko wote.

Ndiyo maana kesi moja tu ilitosha kuleta vita. Januari 1892 Mkatoliki alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki, na Mwanga akaamua kuwa muuaji hakuwa na hatia. Kapteni Lugard, aliyeiwakilisha kampuni ya Kiingereza, hakuukubali uamuzi huo, akawagawia Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 bunduki zake za rashasha, za Maxim, zikaamua vita. Rubaga ilichomwa, Kabaka akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kisha Buddu, jimbo la kusini mwa Buganda. Akarudi Mengo miezi miwili baadaye kutia saini mkataba aliopewa, na Wakatoliki wakapewa Buddu. Hiyo ndiyo asili ya Ukatoliki mzito utakaoukuta ukienda Masaka.

Basi mwambie mwenyeji wako kwamba lawama ya damu ya Namugongo ni ya Mwanga, wala haiondoki. Lakini lawama ya vita vya 1892 wanagawana naye pia watu waliofunga imani na ardhi kwenye fundo moja, pamoja na Mwingereza aliyeingilia hukumu ya mfalme katika mji wake.

Mwanga aliasi mwaka 1897, akashindwa, na akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa Danieli na Waanglikana. Kiti walimpa mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, wakamwekea walezi watatu: Kaggwa na Zakaria Kisingiri kwa upande wa Waprotestanti, Stanislas Mugwanya kwa upande wa Wakatoliki.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi,
Baba yako